Bega linalia baada ya operesheni: sauti ipi uendelee nayo na ipi ikupeleke hospitali

Fundi rangi mmoja aliletwa kwangu wiki ya 7 baada ya kushonwa kano za bega, mkono bado uko kwenye slingi imebana vilevile kama siku aliyotoka wodini, mkanda wa shingoni umeshakuwa mweusi kwa jasho. Daktari alikuwa amemwambia slingi itoke baada ya wiki 6. Akajaribu kweli kuitoa, ila siku anavaa shati akasikia gu! nyuma ya bega, akairudisha hapohapo na hakuutoa tena ule mkono, hata kuoga alikuwa anamwagiwa maji na mke wake mkono ukiwa umebanwa kifuani. Kichwani kwake mishono ilikuwa imekatika. Nikaweka kiganja changu kwenye kombe lake la bega nikamwambia baba hebu pandisha mabega yote mawili polepole, gu, gu, sauti ileile, inatoka kwenye kombe linavyopita juu ya mbavu, mbali kabisa na kano zilizoshonwa. Mishono ilikuwa salama. Ila bega lenyewe lilikuwa limeshaganda, ukijaribu kuuinua mkono wake hata kwa kumsaidia unagoma kabla haujafika usawa wa kifua, na kulirudisha kulituchukua miezi.

Nafanya fiziotherapia hapa Dar, mabega naona mengi, ya ajali za bodaboda, ya mpira, ya watu wazima ambao kano imechanika yenyewe tu kwa umri na kazi. Na kinachoniuma kila mara ni hichi hichi, mtu anasikia bega linalia, anaogopa, anaacha kulitumia, na kule kuacha ndo kunamharibia bega wakati sauti yenyewe haikuwa na neno. Alafu kuna wengine, wachache, sauti ilikuwa inawaambia kitu cha kweli kabisa wakakaa nayo wiki 3 nyumbani. Kwahiyo naandika hapa jinsi ninavyoifuatilia sauti mtu akinijia, uweze kuifuatilia na wewe ukiwa kwako usiku na kliniki yako ni wiki ijayo.

Vitu vya kujua kabla hujaihukumu sauti

Cha kwanza ulifanyiwa nini. Hapa ndo napata shida na watu wengi, ukimuuliza anakwambia "operesheni ya bega" basi, kwenye karatasi ya kuruhusiwa kumeandikwa mstari mmoja na hakuna aliyekaa nae kumweleza. Nenda kaulize, ni haki yako. Kushona kano iliyochanika ni tofauti na kurudishia ukingo wa gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, kwa mtu ambaye bega lilikuwa linatokatoka, na hizo mbili ni tofauti na kufungiwa vyuma baada ya kuvunjika, na zote ni tofauti na kuwekewa bega bandia. Sauti ileile moja kwa mmoja ni ya kawaida, kwa mwingine ni ya kupigiwa simu.

Cha pili uko wiki ya ngapi. Kano iliyoshonwa inakuwa bado haijashikana vizuri na mfupa wiki 6 za mwanzo, uzi ndo unaoishikilia, na hata miezi 3 ikifika bado inaendelea kukomaa. Sauti ya wiki ya 3 naisikiliza kwa tahadhari kuliko ya mwezi wa 8.

Cha tatu inatoka wapi. Mwenyewe ni ngumu kujua maana sauti inasafiri kwenye mifupa, unaisikia sikioni kama vile iko katikati ya bega. Mwambie mtu wa nyumbani aweke kiganja chake kwanza juu ya bega, halafu mbele, halafu kwenye kombe nyuma, wewe ufanye ule mwendo ulioruhusiwa na fizio wako, atasikia inagonga wapi chini ya kiganja.

Cha nne, na kwangu ndo kikubwa, imekuja na nini. Ina maumivu mapya? Nguvu imepungua? Mkono unakwama njiani? Ilianza yenyewe taratibu au kuna tukio, ulianguka, ulivutwa, ulinyanyua ndoo? Sauti tupu isiyo na hivyo mara nyingi sana haina shida. Na usipime maumivu ukiwa umemeza diklofenaki ya duka la dawa, itakwambia hakuna kitu hata kama kipo.

Kingine, tafadhali, usiitafute sauti. Kuna mtu anageuzageuza bega mara 50 kwa siku kuhakikisha kama bado inalia, anaamka asubuhi kitu cha kwanza ni hicho. Unachochea uvimbe tu bure.

Siku za kwanza: bega linabubujika kama kuna maji

Lina maji kweli. Operesheni ya kamera wanapitisha maji ya chumvi ndani ya kiungo muda wote ili waone vizuri na kiungo kitanuke, mengine yanabaki kwenye nyama zinazozunguka, ndo maana bega linatoka limevimba kama la mtu mwingine. Kunakuwa na vihewa hewa pia. Kwahiyo pwchu pwchu ya siku 2 au 3 za mwanzo, au hata wiki, ni maji na hewa vinatafuta njia, mwili utavifyonza. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kulala umeegemea mito badala ya kulala chali, vinasaidia.

Isipokuwa hii moja: kama ngozi yenyewe ukiibonyeza inalia krr krr kama karatasi ya pipi, na inapanda kuelekea shingoni au kifuani, na pumzi inakuwa fupi, hiyo ni hewa imeingia chini ya ngozi na inaweza kuwa imetoka kwenye mapafu. Inatokea mara chache sana ila ikitokea hausubiri asubuhi, unaenda dharura saa hiyohiyo.

Mlio mmoja mkavu, tak, alafu kimya

Hii ni ileile ya kualisha vidole, wengine wanasema kuvunja vidole. Ndani ya kiungo kuna ute na ute una gesi iliyoyeyuka ndani yake, kiungo kikivutwa ghafla panatokea uwazi wa gesi na mlio unatoka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta huko Canada walipiga vidole picha za MRI vikiwa vinaalishwa wakauona huo uwazi ukitokea palepale sauti inapolia.

Namna ya kuitambua ni rahisi. Kidole ukishakialisha huwezi kukialisha tena papo hapo, inabidi usubiri kama dakika 20 hivi. Kwahiyo kama bega lilisema tak mara moja na sasa ukirudia mwendo uleule halisemi, na haliumi, hiyo ni gesi, endelea na mazoezi yako. Kama linalia kila ukipita pale pale, sio gesi, soma mbele.

Kwaru kwaru kama kuna mchanga

Hii wengi wanaianza pale slingi inapotoka, wiki ya 5, ya 6, wanaanza kuinua mkono wanasikia kwaruu kama mtu anasaga karanga. Inatisha kweli, nakubali. Inabidi uelewe bega limekaaje. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama chungwa limewekwa juu ya kisosi, kisosi ni kidogo, chungwa linataka kuporomoka muda wote, na kano 4 za misuli inayolizunguka ndo zinalishikilia pale katikati. Juu ya chungwa kuna paa la mfupa, na kati ya paa na kano kuna kifuko chembamba cha ute kinachofanya viteleze. Sasa daktari ameingia pale, amekwangua kile kifuko kilichovimba, pengine amekwangua na mfupa wa paa, ameweka nyuzi juu ya kano, kovu linaota. Sehemu iliyokuwa laini saivi ni kama ukuta uliopigwa plasta juzi na haujasuguliwa. Lazima ikwaruze. Na kwa walio wengi inalainika yenyewe kadri miezi inavyoenda.

Ila kuna kwaru kwaru nyingine inasababishwa na jinsi unavyoinua. Misuli imelala wiki 6, haina nguvu ya kulishusha chungwa katikati ya kisosi, kwahiyo ukiinua mkono chungwa linapanda juu linasugua paa, na kwa nje unaonekana kabisa, bega linapanda mpaka karibu na sikio kama mtu anayesema "sijui". Simama mbele ya kioo uangalie. Alafu jaribu hivi, weka mkono mezani juu ya kitambaa, usukume mbele ukiteleza juu ya meza huku unainama. Kama kwaru kwaru inapotea au inapungua sana mkono ukiwa umebebwa na meza, basi sababu ni misuli dhaifu. Rudi kwenye mazoezi ya kutelezesha mezani na ya kuusaidia mkono kwa mkono mzima mpaka nguvu irudi, na usikazane kuinua bila msaada kwa sababu tu kalenda inasema wiki ya 8.

Kwaru kwaru inayokuja na maumivu ya usiku yanayozidi wiki hadi wiki hiyo mwambie daktari. Mara nyingi ni kwamba umezidisha, kuna mama lishe nilikuwa nae alirudi kusukuma chapati mwezi wa 2, anasema lakini dokta mimi situmii bega natumia viganja tu, nikamwambia mama nionyeshe, akasimama pale kwenye meza yangu akasukuma hewa, bega zima linaenda mbele na nyuma. Tukapunguza, unga akawa anakanda binti yake, ndani ya siku kama 10 usiku ukawa shwari. Kwaru kwaru ilibaki, maumivu yakaondoka, na kwangu hayo ndo majibu mazuri.

Gu gu nyuma mgongoni

Hii ndo ya yule fundi rangi na ndo ninayokutana nayo kuliko zote. Watu hawajui kwamba mkono ukiinuka, kombe la bega nalo linateleza juu ya mbavu, karibu theluthi moja ya mwinuko wa mkono inatoka kwenye kombe na sio kwenye kiungo cha bega. Slingi inakukunja, kichwa mbele, bega mbele, misuli inayolivuta kombe chini na nyuma inasinzia, hivyo kombe linapokuja kutembea linaruka kwenye mbavu badala ya kuteleza. Na nyuma ya mbavu kuna uwazi, kifua ni kama ngoma, sauti ndogo inatoka kubwa mpaka mtu aliye pembeni anasikia.

Weka kiganja cha mtu kwenye kombe, pandisha mabega, yashushe, yazungushe kidogo. Kama gu gu inagonga kwenye kiganja na mkono wako umening'inia tu pembeni haujainuka, basi kiungo kilichofanyiwa operesheni hakihusiki. Angalia na upande wa pili pia maana wengine upande mzima unalia vilevile tangu zamani hawajawahi kusikiliza.

Cha kufanya ni kuliamsha kombe. Kuyabana makombe mawili nyuma kama unataka kushika penseli katikati, sekunde 5, unaachia, hili wengi wanaruhusiwa mapema hata wakiwa ndani ya slingi lakini muulize wako. Baadae, daktari akisharuhusu mkono kubeba uzito, ile ya kusimama mbele ya ukuta, viganja ukutani, unausukuma ukuta mpaka mgongo wa juu unajitokeza kidogo nyuma. Na kukaa. Mtu anakaa masaa 4 kwenye simu ameinama alafu anashangaa kombe linaruka.

Tik juu kabisa ya bega

Mtu akiniwekea kidole kimoja pale juu mwisho wa mtulinga nashajua. Pana kiungo kidogo pale, kwa watu wa miaka 40 kwenda juu mara nyingi kimeshalika kidogo, na kinalia ukiupeleka mkono kushika bega la upande wa pili. Kama kilikuwepo kabla ya operesheni hakijaletwa na operesheni. Wengine daktari amekata kipande cha mwisho wa mtulinga makusudi, hao wanaweza kusikia kitu kinachezacheza pale miezi ya mwanzo. Kama hakiumi kiache.

Mbele: kama kamba inaruka

Kano ndefu ya msuli wa mbele wa mkono, ule wanaotunisha vijana wa gym, inapita kwenye mfereji mbele ya bega. Ikiwa haijatulia kwenye mfereji inaruka ukiugeuza mkono nje na ndani, unasikia tuk na ukiweka vidole unaihisi kabisa kama kamba ya gitaa. Ikiwa inauma mbele ya bega na inashuka na mkono, mwambie daktari kwenye kliniki ijayo, haina haraka sana.

Haraka inakuja kama ulisikia mlio na kesho yake msuli wa mbele umeshuka umekuwa donge karibu na kiwiko, pengine na damu imevilia chini ya ngozi. Kano imekatika au imeachia pale iliposhikizwa. Ila subiri, angalia karatasi yako, kuna operesheni ambayo daktari anaikata hiyo kano makusudi kwa sababu ilikuwa chanzo cha maumivu, na hapo donge ni jambo linalotegemewa, ulitakiwa uwe umeambiwa. Ndo maana nimeanza kwa kusema ujue ulifanyiwa nini.

Tik kali, kila mara pembe ileile

Hii naiheshimu. Mkono ukifika mahali fulani, tuseme usawa wa macho, tik, unashuka, unapanda, pale pale tena tik, na kuna kuchoma. Kwenye kushona kano au kurudishia ukingo wa gegedu wanatumia vinanga vidogo vinavyozamishwa kwenye mfupa vyenye nyuzi. Fundo la uzi linaweza kuwa limesimama linasugua, hilo mara nyingi linalainika na kovu. Lakini kinanga kikiwa kimechomoza, au skru, kwa mfano wale waliofanyiwa Latarjet, ile operesheni aliyoielezea daktari Mfaransa Michel Latarjet mwaka 1954 ambapo kipande cha mfupa kinafungwa kwa skru kwenye ukingo wa kisosi, basi chuma kinasugua gegedu la kichwa cha mfupa, na gegedu likikwanguliwa halioti tena kama lilivyokuwa. Hilo halingojwi miezi 6 kuona kama litaisha.

Eksirei itaonyesha chuma. Ila ujue vinanga vingi vya siku hizi ni vya plastiki au vya kuyeyuka, kwenye eksirei havionekani, kwahiyo "picha iko safi" peke yake haijamaliza kesi kama tik bado ipo na inauma, muombe daktari afikirie MRI au CT.

Waliofungwa vyuma baada ya kuvunjika

Vijana wa bodaboda wengi wako hapa. Pleti ya mtulinga iko chini ya ngozi tu, utaisikia ikigusana na mkanda wa begi, ikitoa kimlio ukibonyeza, hilo ni la kawaida na wengine huja kuitoa mfupa ukishaunga. Sauti ninayoiogopa ni ya mifupa kusagana pale palipovunjika, inauma, na unahisi kama mkono una kiungo cha ziada pasipotakiwa kuwa na kiungo. Mfupa haujaunga, au skru zimelegea. Na kwa waliovunjika kichwa chenyewe cha mfupa wa mkono, mfupa unaweza kunywea kidogo wakati wa kuunga, skru zikabaki na urefu wake zikatoboa kutokea kwenye kiungo, kwahiyo bega lililokuwa linaenda vizuri likianza kukwaruza na kuuma upya nenda kapige eksirei wiki hiyohiyo. Sigara inachelewesha mfupa kuunga, na kisukari kisichodhibitiwa pia.

Bega bandia

Chuma na plastiki vikigusana vinatoa kimlio, tik tik ndogo isiyouma watu wanaishi nayo. Kwa bega bandia la kugeuza, ambalo chungwa limewekwa upande wa kisosi na kisosi upande wa mkono, wazo lililofanyiwa kazi na Mfaransa Paul Grammont miaka ya 1980, angalia sana mkao huu: mkono nyuma ya mwili huku umegeukia ndani, kama vile unachomekea shati nyuma au unajisukuma kunyanyuka kwenye kiti. Ndo mkao ambao bega hilo linatoka mahali pake. Ukisikia gubu! ukiwa kwenye mkao huo na mkono haurudi, ni hospitali. Na ukipata maumivu ya ghafla juu ya paa la bega, hata bila kuanguka, paa linaweza kuwa limepata ufa maana msuli wa juu unalivuta kuliko zamani.

PWAA! na mkono ukaanguka

Mama mmoja wa miaka 60 hivi, wiki ya 5, anajisikia mzima, slingi ameiweka kwenye mkoba. Yuko daladala, amesimama, dereva akashika breki, akadaka bomba kwa mkono uliofanyiwa operesheni. Aliniambia alisikia kama mtu anachana doti ya khanga mpya. Maumivu makali usiku ule, siku ya pili yakapungua, akasema namshukuru Mungu imepita, akakaa. Kuja kliniki wiki 3 baadae mkono hauinuki kabisa, anauinua kwa mkono mwingine, akiuachia unaanguka. Kano ilikuwa imeng'oka na ilibidi arudi kufanyiwa operesheni, na ya pili siku zote ni ngumu kuliko ya kwanza.

Naomba ushike hapo pa maumivu kupungua, maana ndo panapodanganya. Usipime kwa maumivu, pima kwa nguvu, kwa kile ulichokuwa unaweza jana yake. Kama juzi ulikuwa unafikisha kijiko mdomoni na leo baada ya mlio huwezi, mlio huo una kesi hata kama hauumi. Kama baada ya mlio kila ulichokuwa unaweza bado unaweza, na pengine mkono unaenda mbali kidogo kuliko jana, mara nyingi ni kovu limeachia, hii inatokea sana kwenye mazoezi ya kunyoosha, mtu anasikia prr, anashtuka, kumbe bega limefunguka. Vyovyote vile rudisha slingi, pumzisha, piga simu siku hiyohiyo au kesho yake, usijipime nguvu kwa kunyanyua vitu.

Na bega likitoka, utajua, umbo limebadilika, mkono umekwama, pengine ganzi pembeni ya bega au vidole vimepoa. Usikubali mtu alivute. Najua kwenye mitaa yetu kuna wazee wa kunyoosha mifupa na kuna majirani wenye mafuta ya moto na mikono ya nguvu, wana nia njema kabisa, lakini bega lenye mishono na vyuma ndani likivutwa na mtu asiyejua kilichomo linaweza kuondoka na mshipa wa fahamu. Lifunge kama lilivyo, nenda.

Homa, bega la moto, jekundu, kidonda kinachotoa majimaji au usaha, hayo hayana sauti lakini nayaweka hapa maana watu wanasikiliza mlio wanasahau kidonda. Na kuna bakteria wa ngozi wanaopenda eneo la bega na kwapa, wanakuja polepole, miezi, bila homa, dalili ni bega kuuma tu na kukakamaa bila sababu. Usipuuzwe ukilalamika hivyo, omba wapime.

Bega lisilolia kabisa

Kuna mtu anakuja anajivunia, dokta mimi langu halilii hata kidogo. Nakuwa na wasiwasi mpaka niligeuze. Bega likiganda halina mwendo, na pasipo mwendo sauti itatoka wapi? Mkono haugeuki nje hata kwa kugeuzwa na mtu mwingine, kuchana nywele hawezi, kufunga sidiria hawezi. Wenye kisukari wanaganda zaidi kuliko wengine, hao nawaomba waje kila wiki bila kukosa. Kati ya bega linalokwaruza na linainuka, na bega la kimya limekwama kiunoni, nichukue la kwanza siku zote.

Ukienda kliniki

Usiende kusema "linalia". Mara nyingi ukifika kwa daktari halilii, ni kama gari kwa fundi. Rekodi video kwa simu, mtu mwingine ashike simu karibu na bega, mwili wako uonekane kuanzia kiunoni, fanya mwendo mara 2 tu. Alafu andika ujumbe mfupi kabisa. Mmoja wa wagonjwa wangu ananitumiaga WhatsApp hivi, na nikisoma tu nashajua nimjibu nini: "Wiki ya 9, kushona kano, bega la kulia. Sauti gu nyuma kwenye kombe, kila nikishusha mkono. Haiumi. Imeanza Jumanne, sikuanguka. Kikombe cha chai bado nanyanyua kama wiki iliyopita."

Nilimjibu aendelee.